Watoto wa Aliyetumwa

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Marko 7:9–13, Marko 10:28–30, 1 Timotheo 5:8, Kutoka 4:18–20, Kutoka 18:1–27, Waamuzi 18:30, Kumbukumbu la Torati 6:4–9, Matendo 17:26, Matendo 18:1–3, 24–26.

Fungu la kukariri: Kumbukumbu la Torati 6:6, 7.

Taarifa za utume zinaposomwa kanisani, kwa kawaida tunasikia jina la baba. Tunasikia alifika mwaka gani, alijenga nini na alibatiza wangapi. Mke wake hutajwa kwa maneno machache. Watoto huwa ni hesabu tu: wawili, watatu, wanne. Lakini watoto hao walipanda meli ileile, wakanywa maji yaleyale na kuugua homa ileile. Baba aliitwa, akaitikia. Mara nyingi mama aliitikia pamoja naye. Mtoto hakuulizwa.

Juma hili tunajifunza swali ambalo Wakristo wengi hulikwepa: Je, ni haki mzazi amlipishe mtoto gharama ya wito ambao mtoto hakuitwa? Tukijibu "ndiyo" kwa haraka, tutamfanya Baba yetu wa mbinguni afanane na miungu ya Kanaani iliyodai watoto. Tukijibu "hapana" kwa haraka, basi mwenye familia asingeondoka kwao kamwe, na wengi wetu tusingesikia habari za Sabato wala za marejeo ya Yesu.

Wala swali hili si la wageni waliovuka bahari peke yao. Linamhusu mchungaji anayehamishwa katikati ya muhula wa shule, mwinjilisti wa vitabu anayelala safarini, mzee wa kanisa ambaye kila jioni ana kikao, na mama wa Dorkasi anayewahudumia wagonjwa wa mtaa mzima. Katika nyumba hizo zote kuna mtoto anayetazama.

JUMAPILI
Korbani na Mara Mia

Soma Marko 7:9–13. Watu hawa walikuwa wakimtolea Mungu. Kosa lao lilikuwa nini?

Kuiweka mali wakfu kwa Mungu kulikuwa jambo jema. Lakini mtu aliweza kuitamka mali yake kuwa korbani, wazazi wake wazee wakabaki bila msaada, naye akahesabiwa kuwa mcha Mungu. Yesu hakusema kwamba kutoa ni vibaya. Alionyesha kwamba Mungu hapokei kitu kilichoondolewa mikononi mwa mtu ambaye Mungu mwenyewe ameagiza atunzwe. Sadaka ya namna hiyo huitangua amri ya Mungu kwa kutumia jina la Mungu. Yesu alizungumza juu ya wazazi, lakini Paulo anaipanua kanuni hiyo hadi kwa wote walio nyumbani mwa mtu, tena kwa maneno makali sana (1 Timotheo 5:8).

Sasa soma Marko 10:28–30. Yesu anataja vitu gani vinavyoachwa kwa ajili yake? Anaahidi nini, na ahadi hiyo inatimizwa lini?

Katika Injili ileile, Bwana yuleyule anawataja watoto miongoni mwa wale wanaoachwa kwa ajili ya Injili. Je, anajipinga? Tuiangalie ahadi yenyewe. Anasema aliyeacha nyumba atapata nyumba mara mia, na mama, na ndugu, na watoto, tena katika maisha haya ya sasa, kabla ya ule uzima ujao. Nyumba hizo mia ziko wapi? Hazishuki kutoka mawinguni. Ni nyumba za waumini. Akina mama hao ni akina mama wa kanisa. Kwa hiyo ahadi aliyopewa yule anayetumwa ni agizo pia kwa wale wanaompokea.

Mafungu haya mawili yanatuwekea mipaka miwili. Mzazi hawezi kumtelekeza mtoto na kuliita jambo hilo sadaka. Na pale ambapo utumishi wa kweli unaacha pengo nyumbani, kanisa haliwezi kulitazama pengo hilo na kusema, "Bwana atawasaidia." Bwana amekwisha kusema atawasaidia kwa njia gani.

Je, kuna jambo jema unalolifanya kanisani ambalo linaweza kuwa korbani kwa watu wa nyumbani mwako?

JUMATATU
Wana wa Musa

Soma Kutoka 4:18–20, kisha Kutoka 18:1–6. Familia ya Musa ilikuwa wapi wakati wa mapigo ya Misri na kuvuka Bahari ya Shamu?

Musa alipoitwa alianza safari pamoja na mke wake na wanawe. Baadaye tunaambiwa kwamba alikuwa amemrudisha Sipora kwa baba yake. Biblia haielezi sababu. Huenda ilikuwa hatari ya Misri, huenda yalikuwa mambo mengine. Tunachojua ni kwamba wana wawili wa mkombozi wa Israeli hawakuwapo bahari ilipogawanyika. Walisikia habari hizo kwa babu yao huko Midiani.

Yethro ndiye aliyewaleta jangwani. Angalia mpangilio wa sura hii. Siku ya kwanza mkwe anamrudishia Musa mke na watoto. Siku ya pili anamwona akiamua mashauri ya watu tangu asubuhi hadi jioni, naye anamwambia waziwazi kwamba jambo hilo si jema, atachoka kabisa yeye na watu pia (Kutoka 18:13–18). Mara nyingi tunaisoma sura hii kama somo la uongozi: gawanya kazi, chagua wasaidizi. Ni somo la uongozi kweli. Lakini aliyetoa shauri hilo ni babu aliyewalea watoto hao nyumbani kwake, na alilitoa siku moja tu baada ya kuwarudisha kwa baba yao. Haikufaa kumletea Musa familia yake kama hakuwa na jioni hata moja ya kukaa nayo.

Soma Waamuzi 18:30. Kijana aliyekuwa kuhani wa sanamu huko Dani anatajwa kuwa wa uzao wa Gershomu. Tafsiri nyingi zinasema Gershomu huyo alikuwa mwana wa Musa, na nyingine zinasoma Manase. Tusijenge fundisho zima juu ya fungu moja, wala tusimhukumu Musa. Watoto waliolelewa vizuri nao huweza kuchagua vibaya. Hata hivyo, inatupasa kutetemeka tukifikiri kwamba jina la mtu aliyeshuka mlimani na mbao mbili za Amri linaweza kusomwa katika ukoo wa kuhani wa sanamu.

Hatimaye ni Musa huyohuyo, akiwa mzee, aliyewaambia Israeli mahali pa kwanza pa kuyafundishia maneno ya Mungu. Soma Kumbukumbu la Torati 6:4–9. Hakutaja hema ya kukutania wala kusanyiko. Alitaja kuketi nyumbani, kutembea njiani, kulala na kuamka. Hizo ndizo saa ambazo mtumishi mwenye shughuli nyingi huzikosa kwanza.

JUMANNE
Henry na Mary

Waanzilishi wa kanisa letu waliujua uzito wa swali hili kabla yetu. Henry, mtoto wa kwanza wa James na Ellen White, alizaliwa mwaka 1847. Wazazi wake walikuwa maskini na walisafiri bila kupumzika kuwatembelea waumini wachache waliotawanyika. Mwaka uliofuata walimwacha Henry nyumbani kwa familia ya Howland, huko Topsham, katika jimbo la Maine. Alikaa huko miaka mitano hivi. Ellen White hakuficha kwamba kumwacha kulimuumiza sana.

Familia ya Howland haikuandika vitabu vinavyojulikana, wala haikuhubiri katika mikutano mikubwa. Ilifungua mlango. Ilimlisha mtoto, ikamfundisha, ikampenda. Marko 10:30 ilipata nyumba halisi, yenye meza na kitanda. Tunapowashukuru James na Ellen White kwa kazi ya miaka hiyo, sehemu ya shukrani ni ya nyumba ile ya Topsham.

Mwaka 1874 kanisa lilimtuma John Nevins Andrews kwenda Uswisi, akiwa mishonari wake wa kwanza rasmi ng'ambo. Mke wake, Angeline, alikuwa amefariki mwaka 1872. Andrews alisafiri na watoto wake wawili, Charles na Mary. Huko waliahidiana kuzungumza Kifaransa tu nyumbani, ili lugha ya kazi iwe lugha ya mezani. Mary alijifunza vizuri hata akawa msaada mkubwa katika kusahihisha gazeti la Kifaransa ambalo baba yake alianza kulichapisha mwaka 1876. Fedha zilikuwa chache, na familia ilijibana hata katika chakula. Mary aliugua kifua kikuu. Baba yake alimrudisha Marekani kwa matibabu, naye akafariki Battle Creek mwezi wa Novemba 1878, akiwa na miaka 17. Andrews alirudi Uswisi, na mwaka 1883 yeye mwenyewe akafa Basel.

Tuseme nini juu ya Mary? Kumwita mwathirika tu ni kumnyima heshima, kwa maana aliishika kazi ile kwa mikono yake mwenyewe na akaifanya vizuri. Kumwita sadaka iliyokubalika mbele za Mungu ni kusema jambo ambalo Mungu hakulisema. Kifua kikuu kiliua vijana wengi wa wakati ule, mishonari na wasio mishonari. Lakini baba anaweza kuchagua kufunga na kula mkate mkavu kwa ajili ya kazi. Sahani ya mtoto si yake kuitoa sadaka. Na kanisa lililomtuma baba lilipaswa kuuliza pia watoto wanakula nini.

Tunapowatuma watumishi, ni maswali gani kuhusu familia zao tunayouliza kabla hawajaondoka? Na baada ya kuondoka?

JUMATANO
Kando ya Ziwa Titicaca

Mwaka 1909 Fernando na Ana Stahl, mume na mke waliosomea uuguzi, waliondoka Marekani kwa nauli yao wenyewe pamoja na watoto wao wawili, wakaenda Bolivia. Mwaka 1911 walihamia Platería, upande wa Peru, karibu na Ziwa Titicaca. Ziwa hilo liko juu sana milimani, zaidi ya mita 3,800 kutoka usawa wa bahari, mara tatu na zaidi ya kimo cha Ziwa Victoria. Baridi ni kali na hewa ni nyepesi. Watu wa Platería walikuwa Waaymara, wengi wao hawakujua kusoma, na wenye mashamba makubwa waliwadharau.

Kazi ya shule haikuanzishwa na wageni hawa. Mwaymara aitwaye Manuel Zúñiga Camacho alikuwa amekwisha kuanza kuwafundisha watu wake kusoma, naye ndiye aliyewakaribisha. Stahl alitibu wagonjwa akizunguka kwa farasi. Ana alitibu, alifundisha usafi na kusoma, na kulea watoto wake katikati ya watu walewale.

Soma Matendo 17:26. Fundisho hili lingesikikaje kwa Mwaymara ambaye hakuna bwana aliyewahi kuingia nyumbani kwake?

Fundisho la kwamba Mungu aliwaumba watu wote kutoka kwa mmoja ni rahisi kulitamka. Kule lilisadikika kwa sababu familia nzima ililiishi. Mhubiri akija peke yake na kuondoka, watu wanaweza kusema ana kazi yake. Akija na mke wake na watoto wake, akakaa, akawaosha wagonjwa vidonda na watoto wake wakikua hapohapo, ni vigumu kusema kwamba haamini anachosema. Maisha ya nyumbani yalikuwa sehemu ya fundisho.

Lakini gharama iliangukia nani? Mwezi wa Machi 1913, Stahl akiwa safarini, askofu wa Puno alifika Platería na kundi kubwa la watu. Waaymara waliokataa kumpigia magoti walikamatwa, na Camacho na wenzake wakapelekwa gerezani Puno. Habari hizo zilitikisa nchi. Mjadala ukafika bungeni, na mwaka 1915 katiba ya Peru ilibadilishwa ili watu wa imani nyingine nao waruhusiwe kuabudu hadharani. Tunalitaja tukio hili kama ushindi wa uhuru wa dini, na ndivyo lilivyo. Tukumbuke tu kwamba waliofungwa walikuwa wenyeji. Watoto waliobaki bila baba usiku ule hawakuwa wa mishonari.

Kwa hiyo swali letu ni pana kuliko lilivyoonekana mwanzo. Anayepeleka Injili huhatarisha watoto wake, na anayeipokea huhatarisha wa kwake. Mishonari asiyeona hatari ya mwenyeji, na mwenyeji asiyeona upweke wa mtoto wa mishonari, wote wawili hawajaelewa maana ya kuwa mwili mmoja.

ALHAMISI
Kando ya Ziwa Letu

Katika nchi yetu, Waadventista wa kwanza waliotumwa kutoka Ujerumani, Johannes Ehlers na A. C. Enns, walifika Upare mwaka 1903 na kuanza kazi Giti, Mamba. Mwaka 1906 Arthur Carscallen na Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Nyasaland, walifika Gendia, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria. Helen, mchumba wa Carscallen, alimfuata mwaka 1907 wakaoana. Mwaka 1909 kazi ikafika Majita, upande wetu wa ziwa. Kisha ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia. Waingereza walipoitwaa nchi, mishonari wa Kijerumani waliondolewa, na nyumba za misheni zikabaki tupu.

Hata hivyo waumini wa Upare waliendelea kukusanyika na kufundishana. Mgeni aliondoka na vitu vyake, lakini alichokuwa amefundisha kilikuwa kimekwisha kuhamia katika nyumba za wenyeji. Nyumba ambayo baba na mama wanasali na watoto Ijumaa jua linapozama haihitaji ruhusa ya serikali yoyote ili Sabato ianze.

Soma Matendo 18:1–3, 24–26. Akila na Prisila walimfundisha Apolo wapi, na hilo linatuambia nini juu ya nyumba kama mahali pa mafundisho?

Leo sisi ni wapokeaji na ni watumaji pia. Fikiria familia ya mchungaji mpya ikihamia Buhembe kutoka Mara au Upare. Baba ana makanisa kadhaa ya kuzungukia. Mtoto wa darasa la 5 ameacha marafiki wake. Hajui salamu za Kihaya, ambazo hubadilika kufuatana na nani anamsalimu nani, na wakubwa wanamwona hana adabu. Nyumba za mara mia ambazo Yesu aliahidi kwa mtoto huyo ni zipi, kama si zile zilizo na vibanja vyao hapa Buhembe? Kumwalika mezani mnapofungua Sabato, kumfundisha salamu bila kumcheka, kumkubali acheze na watoto wenu: hayo si mambo madogo ya ukarimu. Ni Marko 10:30 ikitimizwa.

Naye mzazi aliyeitwa ana wajibu wake. Amweleze mtoto ukweli juu ya safari, kwa kadiri ya umri wake, na amsikilize akilia. Akilazimika kumwacha, amwache mikononi mwa watu wanaojulikana, kama nyumba ya Howland, na arudi siku aliyosema atarudi. Asimwambie kamwe kwamba Mungu ndiye aliyemkataza kukaa naye. Mtoto akiamini hivyo, kila wimbo atakaousikia kanisani utamkumbusha aliyemnyang'anya baba.

Je, ni haki basi mtoto kushiriki gharama ya wito wa mzazi? Maandiko hayatuahidi nyumba yoyote isiyo na gharama. Mtoto wa mkulima hushiriki ukame, na mtoto wa mvuvi hushiriki dhoruba. Lakini kushiriki ni tofauti na kutolewa. Mtoto anashiriki pale anapojua kwamba yeye ni mtu wa kwanza ambaye baba na mama wametumwa kwake. Asipolijua hilo, ametolewa tu, na Mungu aliyemzuia Ibrahimu mkono hakuiomba sadaka hiyo.

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Soma tena Kutoka 18 yote kwa mara moja, ukiweka alama kila mahali panapotajwa familia. Kisha soma 1 Samweli 2:12–26, uone watoto wawili wa aina tofauti katika nyumba moja ya ibada: wana wa Eli, na Samweli ambaye mama yake alimshonea kanzu ndogo kila mwaka. Hana alimtoa mwana wake kwa Bwana, lakini hakuacha kukipima kimo chake.

Maswali ya Kujadili

1. Mshiriki mmoja anasema, "Nikiitunza kazi ya Mungu, Mungu ataitunza familia yangu." Ni sehemu gani ya kauli hiyo iliyo kweli, na ni wapi inapoweza kugeuka kuwa korbani? Tumia Marko 7 na Marko 10 katika jibu lako.

2. Yethro hakuwa Mwisraeli, lakini aliona kile ambacho wazee wa Israeli hawakukiona. Ni nani katika maisha yako anayeweza kukuambia kwamba kazi yako ya kanisa inakula familia yako? Je, ungemsikiliza?

3. Katika darasa lenu, tajeni familia zinazobeba gharama ya utumishi kwa ajili yenu: ya mchungaji, ya mwinjilisti, ya mzee wa kanisa. Ni jambo gani moja ambalo darasa litafanya kabla ya Sabato ijayo kwa ajili ya watoto wa nyumba hizo?

4. Je, kuna wito ambao mzazi anapaswa kuuahirisha kwa ajili ya mtoto? Tutatofautishaje kati ya kuahirisha kwa hekima na kukimbia kama Yona?

5. Kama mtoto wako angeulizwa leo, "Mungu ni wa namna gani?" akajibu kwa yale tu anayoyaona nyumbani, angesema nini?